Hatua Zimenyooka, Dansi Haisemi: Mwongozo Kamili wa Kutia Hisia Kwenye Baleti

Mwongozo huu ni wa mtu anayecheza baleti Moshi au Arusha, anayezijua hatua zake vizuri, lakini kila akijirekodi anamwona mtu anayefanya mazoezi ya viungo. Video za namna hiyo hunifikia mara kwa mara, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Goti limenyooka, vidole vya mguu vimechongoka, mikono iko mahali pake, na usoni kumebandikwa tabasamu la picha ya kipaimara. Au ni kinyume: nyusi zimekunjwa, mdomo unatetemeka, mkono uko kifuani, na mwili kuanzia shingoni kwenda chini hauna habari kwamba kuna msiba.

Chanzo ni kimoja. Mchezaji anajaribu kuonyesha hisia, wakati kinachoonekana jukwaani ni mtu anayemfanyia mwenzake jambo fulani, kwa sababu fulani, kwa wakati wake. Kazi hiyo ikifanyika, hisia itamjia mtazamaji yenyewe. Ndiyo maana uso nimeuweka karibu na mwisho. Ukiruka hatua ukaanza nao, utaishia kwenye tabasamu lilelile.

Vitu vya kuandaa

- Kipande kimoja cha dansi cha dakika moja hadi moja na nusu, ambacho tayari unakijua. Usichague kipya na usichague kigumu.
- Muziki wake uliohifadhiwa kwenye simu, usiotegemea bando, na spika ndogo iliyochajiwa. Umeme ukikatika mazoezi yaendelee.
- Simu ya kurekodia na kitu cha kuiegemeza. Matofali mawili juu ya kiti yanatosha.
- Viatu laini vya baleti. Viatu vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole, viache nyumbani kwa sasa.
- Mtandio mwepesi unaopitisha hewa.
- Daftari na kalamu.
- Mtu mmoja wa kukutazama, asiyejua baleti kabisa. Shangazi, jirani, fundi cherehani wa mtaani kwenu, yeyote mwenye subira ya dakika kumi.
- Sakafu ya mbao ukiipata. Wengi wetu tuna ukumbi wa shule au wa kanisa wenye sementi, na hapo usiruke kabisa, kwa sababu maumivu ya mbele ya miguu huja polepole na hayaondoki upesi. Kazi nyingi hapa chini hazihitaji kuruka.

Kioo hakimo kwenye orodha kwa makusudi. Kama ukumbi wenu una kioo, kipe mgongo. Anayejitazama hawezi kumtazama mtu mwingine.

Tenga nusu saa baada ya mazoezi yako ya kawaida, siku tatu au nne kwa wiki, kwa takriban mwezi mmoja. Kwa walio Arusha, Juni na Julai asubuhi anzeni na sweta na soksi ndefu, mwili upate moto kwanza. Misuli iliyokakamaa kwa baridi haisemi chochote, tena inachanika.

Hatua ya 1: Hakikisha hatua zimekaa mwilini

Cheza kipande chote kwa mwendo mdogo huku mwenzako akikuuliza maswali ya kawaida. Jana mlipika nini? Gari la Kiboriloni mnapandia wapi? Mtori unaanza kuchemsha nyama au ndizi? Jibu huku unacheza.

Sababu ni rahisi: akili inayotafuta hatua inayofuata haina nafasi ya kitu kingine. Wengi wanaodhani hawana hisia wana tatizo la kumbukumbu tu.

Umefaulu ukijibu bila kusimama na bila kukosea mguu. Ukinyamaza katikati ya sentensi ili ukumbuke, rudi ukajifunze kipande. Hakuna njia ya mkato hapa.

Hatua ya 2: Sikiliza bila kucheza

Kaa chini. Sikiliza muziki wako mwanzo hadi mwisho mara tatu au nne, bila kuhesabu na bila kutikisa mguu. Kisha uchore kwenye daftari kama mstari mmoja mrefu: unapanda wapi, unashuka wapi, wapi unavuta pumzi, wapi umekatika.

Hesabu ya moja hadi nane ni msaada mkubwa wakati wa kujifunza, na ni adui mkubwa baadaye. Inafanya kila pigo liwe na uzito sawa na lingine, na muziki hauko hivyo. Chukua muziki wa bata maji wa mtunzi Saint-Saëns, uliotumika kwenye dansi ya kifo cha bata maji ambayo mtunzi wa dansi Fokine alimtungia mchezaji Anna Pavlova. Chini kuna piano zinazotiririka kama mawimbi madogo, na juu yake selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, inaimba wimbo mrefu usiojali mawimbi hayo. Mwanafunzi anayehesabu hucheza piano. Anayesikiliza hucheza selo, na miguu yake inabaki na piano. Ni kazi mbili katika mwili mmoja, na huwezi kuzigawa kama hujazisikia.

Umefaulu ukiweza kuimba kipande chote kwa mdomo, muziki ukiwa umezimwa, na pumzi zako ziangukie pale ulipochora.

Hatua ya 3: Andika kitendo, usiandike hisia

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobeba zilizobaki.

Gawanya kipande chako katika sehemu nne au tano. Kwa kila sehemu jibu kwa maandishi: mimi ni nani, niko na nani, ninamfanyia nini, na nini kinanizuia. Jibu la swali la tatu liwe kitendo unachoweza kumfanyia mtu. «Nina huzuni» haichezeki. «Ninamsihi asiondoke» inachezeka. «Ninamficha», «ninamfukuza», «ninamuaga na sitaki ajue», zote zinachezeka.

Tazama sehemu ya pili ya baleti ya *Giselle*. Giselle, msichana mwenyewe, amekwisha kufa, na Albrecht, aliyemdanganya, amekuja kaburini kwake. Myrtha, malkia wa mizimu ya wasichana, ameamuru Albrecht acheze mpaka afe. Giselle anataka kumwokoa, na kukipambazuka mizimu itapoteza nguvu. Sasa chukua arabeski moja tu, mguu mmoja umeinuliwa nyuma, mkono mbele. Icheze ukimkinga Albrecht nyuma yako. Icheze tena ukimwomba Myrtha. Icheze mara ya tatu ukivuta muda tu, kila sekunde ikiisogeza alfajiri. Mguu haujabadilika hata kidogo. Lakini shingo, kasi ya mkono na mahali uzito ulipo vimebadilika vyenyewe, na hujafanya jitihada yoyote ya «kuonyesha».

Kama kipande chako hakina kisa, ni mazoezi tu ya polepole ya darasani, tunga kisa. Kiwe kidogo na kiwe cha hapa. Unamsindikiza dada yako stendi, basi la Dar linaondoka, na kuna neno hujamwambia. Hicho kinatosha dakika moja na nusu.

Onyo. Usichimbe msiba wako mwenyewe ili ulie jukwaani. Walimu wengine hushauri hivyo, mimi sikubaliani nao, hasa kwa watoto na vijana. Machozi ya kweli yanabana koo, yanakata pumzi na kupotosha mizani, na kidonda kibichi hakikufungwa ili kifunguliwe kwa ajili ya mguu wa kushoto. Kwa mwalimu anayesoma hapa: usimwulize mtoto darasani nini kinamliza nyumbani. Mpe kitendo.

Umefaulu ukiwa na vitenzi vinne au vitano vilivyoandikwa, na unaweza kuvitaja kwa sauti huku ukicheza, kila kimoja mahali pake.

Hatua ya 4: Rudisha pumzi

Wengi wenu mnaimba kwaya. Jumapili mnajua kabisa kwamba sentensi ya wimbo haianzi kwenye noti ya kwanza, inaanza kwenye pumzi inayotangulia. Jumatatu mnafika darasani na kubana pumzi tangu plie ya kwanza, yaani kule kukunja magoti, hadi mwisho.

Simama, miguu ikae tu. Inua mikono kutoka chini hadi juu ya kichwa ukivuta pumzi, ishushe ukiitoa. Mkono uanze mgongoni, chini ya bega, na vidole viwe vya mwisho kufika. Rudia mpaka usijue kama ni pumzi inayoinua mkono au mkono unaovuta pumzi. Kisha cheza kipande chako kwa mikono na pumzi pekee, miguu imesimama.

Kanuni ya kuanzia: vuta kabla ya kitendo, toa wakati wa kitendo. Ukishaizoea, ivunje. Anayeficha jambo huzuia pumzi kidogo. Aliyepewa habari mbaya huitoa yote halafu hajui aivute wapi. Rudi kwenye vitenzi vyako, ukaandike pumzi kando ya kila kimoja.

Mabega yakipanda na pumzi, umevutia kifuani kwa juu. Vutia mbavuni, upande na nyuma. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini. Aliyetoka pwani karibuni asishangae akichoka upesi Arusha, mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Umefaulu mtu aliyekaa mita tano akiweza kusema ni wapi ulivuta pumzi, ingawa hakusikia sauti yoyote.

Hatua ya 5: Macho, shingo, mabega

Hapa ndipo watu wetu wanapokwama zaidi, na sababu mbili si kosa la mchezaji. Ya kwanza ni sakafu. Ukumbi wenye sakafu nyekundu iliyopigwa dawa mpaka inang'aa unateleza, kwa hiyo macho yanashuka kutafuta usalama. Ya pili ni malezi. Tumelelewa kutomkazia macho mkubwa. Mtoto mwenye adabu huinamisha uso anaposema shikamoo, halafu mwalimu wa baleti anamwambia inua kidevu, tazama watu, na mwili wote unakataa.

Basi tuanzie kwenye shikamoo yenyewe. Weka viti vitatu vitupu ukumbini. Kwenye cha kwanza amekaa bibi yako. Kwenye cha pili, mwalimu mkuu anayekutisha. Kwenye cha tatu, baba mwenye nyumba, na kodi bado. Kwa mkono na kichwa tu, bila sauti, wasalimie mmoja mmoja kwa mwendo uleule wa baleti: mkono unafunguka kwenda pembeni, kichwa kinaufuata, goti linashuka kidogo. Bibi unamsogelea kwa shingo kabla hujasogea kwa mwili. Mwalimu mkuu unamsalimia huku uzito umebaki mguu wa nyuma. Baba mwenye nyumba mkono unamfikia, macho yanachelewa. Kufanya hivi kwa nusu saa kutakufundisha zaidi ya video nyingi za mtandaoni, na hutakuwa umemkosea adabu yeyote.

Sasa peleka jambo hilo kwenye kipande chako. Yape macho mahali pa kweli: saa ya ukutani, nondo za dirisha la tatu, mlango. Mtu unayemsihi amesimama mahali maalumu, na hahami mpaka wewe umhamishe. Kisha amua mpangilio. Ukiona kitu, macho hutangulia, kichwa hufuata, mkono huja mwisho. Ukipapasa kitu usichokiona, mkono hutangulia na macho huchelewa. Tofauti hiyo ndogo husomeka mpaka kiti cha nyuma kabisa.

Mabega nayo yana lugha yake. Mwili ukiuelekeza pembeni, miguu ikapishana mbele ya mtazamaji, unaonekana umefungwa, kama mwenye siri. Ukigeukia upande wa pili, miguu ikiwa wazi, unaonekana umefunguka. Mtunzi wa hatua hizo hakuzipanga kwa bahati. Angalia kipande chako, wapi umefungwa na wapi umefunguka, ulinganishe na vitenzi ulivyoandika. Mara nyingi utakuta vimekubaliana tayari, na wewe ulikuwa unacheza vyote ukiwa mraba kama mlango.

Neno moja kuhusu ishara za kizamani. Katika baleti za karne ya 19, mikono inayozungukana juu ya kichwa maana yake ni kucheza, kidole kinachogusa kidole cha pete ni ndoa, na ngumi zilizopishana mbele ni kifo. Watazamaji wa Moshi hawazijui, na hawana sababu ya kuzijua. Ukicheza kazi ya jadi, ziache zilivyo, ila mwelekezee mtu, usizitupe hewani. Ukicheza kitu chako mwenyewe, mikono miwili juu ya kichwa itaeleweka na kila mtu aliyewahi kufika kwenye kilio, bila maelezo.

Umefaulu rafiki yako akitazama video akaweza kunyoosha kidole mahali alipo mtu asiyeonekana.

Hatua ya 6: Muda, na ujasiri wa kutofanya kitu

Cheza kipande mara tatu kwa muziki uleule. Mara ya kwanza chelewa kidogo, fika mwisho kabisa wa pigo. Mara ya pili wahi. Mara ya tatu changanya kufuata vitenzi: anayefukuza huwahi, anayeaga huchelewa.

Kisha chagua sehemu moja, moja tu, ya kusimama. Katika *Romeo na Juliet*, baleti iliyotungwa na MacMillan mwaka 1965 kwa muziki wa Prokofiev, Juliet anakaa ukingoni mwa kitanda, muziki unafura ukumbi mzima, na yeye hatikisiki. Anafikiri. Kila mtu ukumbini anafikiri naye. Wachezaji wenye mguu wa juu kuliko wote huogopa sekunde hizo kuliko kuruka.

Kurudia nako kuna nguvu. Giselle anapopoteza akili mwishoni mwa sehemu ya kwanza hapewi hatua mpya za wazimu. Anarudia vipande vya dansi ya mapenzi yake, vimekatika, vimechelewa, na muziki ule wa furaha unarudi ukiwa umevunjika pia. Kama kipande chako kina hatua inayojirudia, hiyo ni zawadi. Mara ya pili isiwe sawa na ya kwanza, kwa sababu kuna jambo limetokea katikati.

Onyo: ukiweka vituo kila mahali, watu watadhani umesahau.

Hatua ya 7: Sasa uso

Jifunge mtandio kuanzia chini ya macho hadi kidevuni, ulegee, hewa ipite. Jirekodi. Tazama video. Kama dansi imekufa, uso ndio uliokuwa unafanya kazi ya mwili wote, na inabidi urudi hatua ya nne. Kama bado inasema, vua mtandio, cheza tena, na usifanye chochote na uso wako. Uache ujibu wenyewe.

Taya lisibane. Midomo iguse tu, isikazwe. Tabasamu lije pale ambapo kitendo kinalileta, na liondoke. Tabasamu la dakika nzima ni la mtu anayehofia mguu wake, na watazamaji wanalijua.

Hatua ya 8: Mwite mtazamaji, umwulize vizuri

Ukimwuliza «umependa?» atasema hongera, umeweza. Sisi ni watu wa kutia moyo. Mwulize hivi: Nilikuwa na nani? Nilimtaka nini? Nilikipata? Wapi ulianza kufikiria mambo yako mengine?

Swali la mwisho ndilo lenye faida. Andika majibu usijitetee. Akisema «ulikuwa unambembeleza mtu asiende» na wewe uliandika «ninamsihi asiondoke», umefika. Akisema «ulikuwa unaomba mvua», uliza mkono upi ulimwambia hivyo. Halafu tazama video ukiwa umezima sauti. Muziki mzuri hufunika udhaifu mwingi, na bila sauti utaona mahali uliposubiri muziki ukuhisie.

Hatua ya 9: Ukumbini

Siku ya onyesho fika mapema, utembee jukwaa zima, na uhamishe zile alama za macho. Saa ya ukutani haipo tena. Tafuta nguzo, mlango wa kutokea, taa. Kama wazazi wamekaa chini na wewe uko juu, pandisha macho kidogo juu ya vichwa vyao. Ukitazama uso wa mama yako utacheka, au utalia.

Jiandae kwa vigelegele. Utainua mguu kwenye arabeski ya huzuni kuliko zote, na nyuma ukumbini shangwe zitalipuka. Hawajakudharau, ndivyo tunavyoshukuru kazi nzuri. Usiwakasirikie kwa uso na usitabasamu kuwajibu. Toa pumzi, rudi kwa mtu wako asiyeonekana, mfanyie kitendo kinachofuata.

Na kuna kutunzwa. Shangazi atapanda jukwaani na noti ya elfu kumi katikati ya kifo cha bata maji, akitaka kukuwekea begani. Mweleze mshereheshaji mapema atangaze kwamba zawadi zitapokelewa mwisho wa dansi, na atangaze mara mbili. Akija hata hivyo, usisimame wala usimkwepe. Endelea na mikono, mwache aweke, macho yako yabaki pale yalipokuwa. Ikianguka, iache sakafuni mpaka umalize kuinama na kushukuru, kisha mtu mwingine aiokote. Usiikanyage, noti mpya inateleza kuliko sakafu.